Msimamizi wangu anataka nimnyang'anye mtoto kishikwambi

Shikamoo Bibi Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi mkoani Tanga. Kwa sasa nipo kwenye ruhusa ya masomo, nasomea shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu watoto wa darasa la awali wenye usonji ambao hawaongei au wana maneno mawili matatu tu. Nilitaka kujua kama kishikwambi chenye picha zinazotoa sauti kinaweza kuwasaidia kuomba wanachokitaka. Programu yenyewe ni rahisi. Mtoto anagusa picha ya kikombe, sauti inasema "naomba maji". Sauti nilizirekodi mwenyewe kwa kumtumia mtoto wa jirani, maana ile iliyokuja na programu ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka bandarini jana.

Watoto ni watatu. Nitawaita K., M. na S. Wote nilianza kuwaandikia rekodi siku moja. Wakati wa kucheza na wakati wa kula, mimi au mwenzangu tunahesabu ni mara ngapi mtoto ameomba kitu kwa kugusa picha. Mwanzoni kishikwambi kilikaa tu mezani bila mafunzo yoyote, na hakuna aliyekijali. Kisha nikaanza kumfundisha K. Wale wawili bado wanasubiri zamu yao.

Bibi, K. alikuwa akitaka kitu analia na kujigonga kichwa ukutani. Sasa anakivuta kishikwambi, anagusa uji, anagusa mpira. Juzi aligusa picha ya choo kabla hajajichafua, mimi na mwenzangu tukatazamana tusijue la kusema. Dada anayetusaidia darasani humshika kiwiko ili atulie, lakini kugusa anagusa mwenyewe. Mama yake, ambaye anauza dagaa na hapati muda wa kuja shuleni mara kwa mara, sasa anakuja karibu kila siku.

Nilipompelekea msimamizi wangu grafu alinisifu, halafu akaniambia haithibitishi kitu. Ni kwamba juma lile tulipoanza na K., shule nayo ilianza kutoa uji saa nne. Profesa akaniuliza, "Utajuaje kama si uji?" Anataka nikiondoe kishikwambi kwa wiki mbili, nione kama K. atarudi alikokuwa, kisha nikirudishe nione kama atapanda tena. Anasema watahini wa nje hawataikubali kazi bila hatua hiyo. Kwenye fomu ya ridhaa aliyoweka saini mama, jambo hili halimo, kwa sababu mpango huu umekuja baadaye. Najua nikimwambia atajibu kama anavyojibu siku zote, "Wewe mwalimu ndiye unayejua."

Nimewaza kufanya kimyakimya, wiki mbili si nyingi. Nimewaza kukataa na kuomba msimamizi mwingine, lakini ruhusa yangu inakaribia kwisha na mwajiri ananisubiri. Mwenzangu wa darasani ananishauri niandike tu namba kana kwamba nilikiondoa, nani atajua? Usiku silali. Nisaidie.

Nilisahau kusema: vishikwambi viwili ni vya mradi wa chuo na vinarudishwa nikimaliza kukusanya data. Cha tatu ni changu, kimoja cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 tukagawiwa walimu.

Mwalimu Mwenye Mashaka, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimeona mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Kuna swali la kitaaluma, yaani ni ushahidi gani utamfanya mtu asiyemjua K. aamini kwamba kishikwambi ndicho kilichomsaidia. Na kuna swali la deni, kwamba umempa mtoto njia ya kusema, sasa unaambiwa uichukue ili kuonyesha kuwa ilikuwa njia. Ukiyajibu yote kwa pamoja utachanganyikiwa. Tuyafungue moja moja.

Nianze kwa kumtetea Profesa wako, na usinikasirikie. Swali lake la uji ni zuri. Mtoto aliyeshiba hulia kidogo, hukaa mezani muda mrefu, hushika vitu. Na historia ya fani yetu ina jeraha linalowafanya watu wa aina yake wawe wagumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilienea Marekani njia ya kumshika mtu mwenye usonji mkono au kiwiko ili achape herufi. Wazazi walilia kwa furaha, kwamba kumbe mtoto alikuwa na mashairi ndani yake. Mwaka 1993 watafiti katika kituo cha O.D. Heck, jimbo la New York, waliwapima watu 12. Walimwonyesha mtu picha moja na msaidizi wake picha nyingine, pasipo mmoja kujua mwenzake ameona nini. Hakuna jibu sahihi hata moja lililotoka pale msaidizi alipokuwa hajaiona picha ya mwenzake. Waliokuwa wakiongea miaka yote ile ni wasaidizi, na wao wenyewe hawakujua.

Nimelitaja hilo kwa sababu umeandika, kwa haraka kidogo, kwamba dada msaidizi humshika K. kiwiko. Nakubali huenda ni kumtuliza tu. Lakini je, umewahi kumpima K. dada akiwa nje ya chumba? Au mezani pakiwa na vitu ambavyo dada hakuambiwa vipo? Mtahini mkali hataanzia kwenye uji, ataanzia kwenye kiwiko. Na kukipima hicho hakuhitaji kumnyima mtoto kitu.

Sasa twende kwenye kuondoa. Muundo anaoutaka Profesa ni wa zamani na una heshima yake. Unapima bila msaada, unaweka msaada, unauondoa, unaurudisha. Tabia ikishuka na kupanda sambamba na msaada, visingizio vingine vinakosa pa kusimama. Ila jiulize, kwa hesabu yako wewe, kushuka huko kutaonyesha nini? Umesema unahesabu maombi ya kugusa picha. Kishikwambi kikifungiwa kabatini, maombi ya kugusa picha yatakuwa sifuri, na sifuri hiyo haitakuwa na habari yoyote ndani yake. Ni kumficha mtu miwani yake halafu ukaandika ripoti kwamba hasomi. Kama uji ndio uliofanya kazi, sifuri itakuja vilevile. Hoja hii ningeiweka mbele ya Profesa kabla ya hoja ya huruma, kwa sababu ni hoja ya fani yake. Huenda naye hajaona unahesabu nini hasa, maana wasimamizi wana wanafunzi wengi na grafu moja hufanana na nyingine.

Ungekuwa unahesabu maombi ya kila namna, yaani sauti, kunyoosha kidole, kumvuta mtu mkono, kusukuma kikombe, pamoja na kile kilio na kujigonga, basi kuondoa kungekuwa na maana zaidi. Lakini hapo napo pana mtego. Huenda K. amekwisha kujifunza kwamba kuomba kunaleta kitu, na elimu hiyo hairudi kabatini pamoja na kifaa. Asiposhuka, grafu itasema kishikwambi hakikuwa na kazi, kumbe kazi yake ilishakwisha vizuri. Na akishuka, kushuka kwenyewe kwa mtoto huyu ni kichwa na ukuta. Wiki mbili unazoziita si nyingi, zipime kwa kipimo hicho.

Waliouandika muundo huu waliyaona haya. Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley, katika makala yao ya 1968 iliyotoka kwenye toleo la kwanza kabisa la Journal of Applied Behavior Analysis, walieleza kuondoa na kurudisha, kisha papo hapo wakaeleza njia nyingine kwa pale ambapo tabia haionekani kurudi nyuma au kuirudisha nyuma hakufai. Njia hiyo ni kuanza kwa kupishana. Kwa watoto hufanyika hivi: unawapima kadhaa kwa pamoja, unamwanzishia mmoja, unasubiri, unamwanzishia wa pili, unasubiri, kisha wa tatu. Kila mmoja akipanda pale zamu yake inapofika na si kabla, umepata ushahidi mara tatu kwa nyakati tatu, na hakuna aliyenyang'anywa.

Umeshaona ninakokwenda? Unao M. na S. Umewaandikia rekodi tangu siku ile ile ya K. Na wao wanakunywa uji ule ule, saa nne ile ile. Kama uji ndio siri, mbona hawakupanda pamoja na K.? Rekodi zao za majuma hayo ndizo zenye jibu la Profesa, nawe hukuniambia zinasemaje. Nadhani ulizichukulia kama za watoto wanaosubiri tu.

Sitaki lakini ufikiri nimekupa njia isiyo na gharama. Wa mwisho kwenye foleni ndiye atakayelipa. S. atasubiri kuliko wote, na mama yake ana macho, anaona K. anavyohudumiwa. Njia ya kupunguza mzigo huo ipo. R. Don Horner na Baer walionyesha mwaka 1978 kwamba anayesubiri si lazima apimwe kila siku, inatosha kumpima kwa vipindi, na hasa muda mfupi kabla ya zamu yake. Hilo linampunguzia usumbufu, ingawa halimwondolei kusubiri. Hatari ya pili ni kwamba una watoto watatu tu. Familia moja ikihamia shamba, au mtoto akiugua muda mrefu, unabaki na nyakati mbili, na viwango vingi vinavyotumika Marekani leo vinataka tatu. Ya tatu ni M. mwenyewe. Akiwa anamtazama K. kila siku na akaanza kugusa picha kabla hajafundishwa, mimi na wewe tutashangilia, ila grafu yako itaharibika. Labda ndivyo itakavyokuwa, na itabidi uliandike jambo hilo kama lilivyo.

Kuna mlango mwingine ambao pengine utaupenda zaidi, au utauchukia kwa sababu unabadilisha swali lako. Utafiti kuhusu vifaa hivi upo. Connie Kasari na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa Marekani wenye watoto 61 wa miaka 5 hadi 8, wenye usonji na maneno machache mno, na wale walioanza na kifaa kinachotoa sauti walipiga hatua kubwa zaidi katika kuongea wenyewe kuliko wale ambao hawakuanza nacho. Kwa hiyo kama swali lako ni "je, husaidia?", sehemu ya jibu tayari tunayo, na kadiri jibu linavyojulikana ndivyo inavyokuwa vigumu kuhalalisha kumnyima mtoto ili tulipate tena. Tusilolijua ni la kwetu: kifaa hicho kwa Kiswahili, kwenye kitengo chenye watoto wengi na walimu wachache, siku ambayo umeme umekatika tangu alfajiri.

Hapo ungeweza kulinganisha kishikwambi na kadi za picha za karatasi, kwa kupokezana, leo hiki kesho zile, kwa mpangilio wa bahati nasibu. Kufundisha kuomba kwa kubadilishana picha ni jambo la tangu 1985, Andy Bondy na Lori Frost walilianzisha Delaware, na mahitaji yake ni karatasi, gundi na uvumilivu. K. asingekaa siku hata moja bila njia ya kusema. Ungejua pia kama kadi ya bei ya chini inatosha, jambo ambalo shule nyingi zingetaka kulijua kuliko namba za vishikwambi visivyokuwapo. Hasara zake? Anachojifunza kwenye kadi kinaweza kuvuja kwenda kwenye kishikwambi na kinyume chake, na tofauti ikawa ngumu kuitenganisha. Itabidi urudi kwenye kamati ya maadili ya chuo kuomba mabadiliko, na kamati hazina haraka kama uliyo nayo wewe. Na Profesa anaweza kusema hiyo sasa ni tasnifu nyingine. Hatakuwa amekosea sana.

Ukiamua kufuata shauri lake lilivyo, kwa sababu huenda ukishamsikiliza utaona ana sababu ambazo barua yako haikuzibeba, basi zungumzeni namna ya kulipunguza makali. Si lazima iwe wiki mbili, na si lazima iwe siku nzima. Kishikwambi kinaweza kuondolewa kwenye kipindi cha kucheza tu, huku wakati wa kula na njia ya chooni kikiachwa. Kadi zinaweza kuwa mezani. Na kabla ya kuanza, andikeni ni dalili gani ikitokea mnasimama siku hiyo hiyo bila kikao. K. hana fomu ya kuweka saini, lakini anajua kukataa, na wewe unakujua kukataa kwake kuliko mtu yeyote chuoni.

Kuhusu kupika takwimu, sitakuhubiria, najua ulikuwa unanionyesha tu jinsi ulivyobanwa. Nitasema moja. Namba za uongo hazitakaa kwenye tasnifu peke yake. Yupo mwalimu wa Kigoma au Lindi atakayeisoma, atanunua au hatanunua, atamwondolea au hatamwondolea mtoto wake, kwa kukuamini wewe. Njia nyingine zote nilizozitaja zinauma mahali fulani, ila kwa hizo unaweza kukaa meza moja na yule mwalimu.

Kufanya kimyakimya ni jambo tofauti, na hapa nakuuliza kwa upole. Umesema mama atajibu "wewe mwalimu ndiye unayejua", ukaichukua kama sababu ya kutomwambia. Mimi naisikia vingine. Huyo ni mtu anayeona kwamba kukukatalia wewe ni kukosa adabu, tena mwalimu anayemshika mtoto wake vizuri. Ridhaa yake kwako ni nyepesi mno kuipata, ndiyo maana inahitaji uangalifu. Mpango umebadilika, fomu ya zamani haiubebi, na kamati yako itasema hivyo hivyo. Pengine asiwe wewe wa kumweleza, awe mwalimu mwingine asiyekuwa na tasnifu, mahali pasipo shule, naye aambiwe wazi kwamba akisema hapana K. hatapoteza nafasi wala huduma. Halafu apewe siku chache. Huenda akakushangaza. Wapo wazazi ambao wakielezwa vizuri wanasema tujaribu, nami nyumbani nitaangalia. Na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unayahesabu mawasiliano ya namna hii kuwa sehemu ya uhuru wa mtu kujieleza. Kwa hiyo unapomwomba mama ruhusa, unaomba kitu kikubwa kuliko ruhusa ya kuhifadhi kifaa kabatini.

Nimeliacha mwisho lile uliloliandika mwisho, ukalianza kwa "nilisahau kusema". Vishikwambi viwili vinarudi chuoni ukimaliza. Mwanangu, hukosi usingizi kwa wiki mbili za Profesa tu. Zile wiki mbili zina tarehe ya K. kurudishiwa kishikwambi. Kuondoka huku kwa vifaa hakuna tarehe hiyo, na hakumo kwenye grafu ya mtu yeyote, na ukisharudi kazini ni wewe utakayekuwa darasani nako. Je, mama analijua hilo? Profesa je? Huenda mradi unaweza kuacha kifaa kimoja kwa maandishi, wengine hufanya hivyo wakiombwa mapema, wachache wakiombwa dakika ya mwisho. Kishikwambi chako cha Sensa ni kitendea kazi cha mwalimu, kwa hiyo muulize mwalimu mkuu kabla hujamwahidi mtu. Na kadi za karatasi, hata zisipoingia kwenye tasnifu, zinaweza kuanza kukatwa wiki hii, K. azizoee akiwa bado na sauti yake mezani.

Ukienda kwa Profesa nenda na grafu za watoto wote watatu kwenye karatasi moja, siku ya kuanza uji ukiiwekea mstari. Mwache aitazame kwanza kabla hujasema lolote. Kama M. na S. walibaki chini pale uji ulipoanza, mazungumzo yenu yatakuwa mafupi. Kama na wao walipanda kidogo, basi alikuwa ameona kitu, na mtakaa chini mjue ni nini. Ukishaonana naye uniandikie, na uniambie M. ameanza lini.